Kiti Chenye Ruhusa

Nimetumikia nyumba za Wazungu kumi na moja, kuanzia Gilgil mpaka Londiani, na upuuzi wa viti nimeuona mwingi. Nimeona kiti cha kubembea kama mlevi. Nimeona kiti cha kujisaidia, kimetobolewa katikati na kufunikwa kitambaa ili kisijulikane, na kila mtu anajua. Nimeona kiti cha mbwa. Lakini kilichonitoa jasho kuliko vyote kilikuwa kiti cha Memsahib Kengele wa Elburgon.

Kilikuwa kifupi. Miguu haikuzidi shubiri, na chini ya kila mguu palikuwa na gurudumu dogo la shaba, kama la gari la kuchezea. Kikalio kilikuwa kipana, cha mahameli ya kijani. Pa kuwekea mikono hapakuwapo. Halafu mgongo: mrefu, umesimama wima, umejaa nakshi kama mlango wa kanisa. Kilifanana na mtu mbilikimo aliyevaa kofia ndefu ili watu wamwone.

"Hicho ni cha kunyonyeshea," aliniambia Nasimiyu, yaya wa nyumba ile, mwanamke wa Kimilili mwenye ulimi mkali kuliko misumeno ya kiwandani. "Mama anakaa chini hivi, mapaja yanalala sawa, mtoto haporomoki. Viwiko viko huru. Kilitengenezwa kwao Ulaya zamani za bibi wa bibi yake."

"Na yeye alinyonyeshea hapo?"

Nasimiyu alicheka mpaka akashika ukuta. "Alinyonyesha nini, Naftaly? Alikaa hapo akapigwa picha. Mtoto nilimpa chupa mimi, nimesimama. Niliambiwa nikikikalia nitakichafua."

Tena hakikuwa chake peke yake. Wake wa masetla kutoka Molo mpaka Njoro walikuwa wamekifanya cha kupokezana. Anayekaribia kujifungua anapelekewa, anakaa nacho hadi mwenzake aonyeshe tumbo. Chini ya kikalio wameandika kwa wino majina ya watoto waliopita hapo. Walikuwa tisa. Nasimiyu aliwajua wengi wao, na aliapa kwamba hakuna hata mmoja aliyenyonya wiki nzima.

"Wote tisa mama yao ni ng'ombe," alisema. "Wangeandika jina la ng'ombe."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, Hali ya Hatari imepamba moto. Sisi Wakikuyu tulikuwa hatutoki shamba moja kwenda jingine bila barua ya mwajiri. Kwa mtu kama mimi, ambaye nyayo huanza kuniwasha nikimaliza mwaka mahali pamoja, hiyo ilikuwa sawa na kufungwa jiwe mguuni. Lakini mwezi ule si nyayo zilizoniwasha. Mke wangu Wachuka alikuwa amepanda Mau Narok kwa mama yake kujifungua, kabla mambo hayajakazwa, maana chumba changu pale kiwanda cha mbao tulilala wanaume wanne. Siku ya Jumatano Kipketer, taniboi wa lori lililokuwa likishusha viazi kutoka huko, aliniita nyuma ya rundo la mbao.

"Umepata msichana," akasema. "Leo ana siku tatu."

Nikaanza kucheka.

"Usicheke bado. Wakikuyu wote wa kwa Bwana Kiraka, shamba la mama mkwe wako, wanafukuzwa. Jumamosi asubuhi lori letu linawapeleka Nakuru, na kutoka Nakuru wanarudishwa rizavu. Rizavu gani, usiniulize. Wengine Nyeri, wengine Fort Hall, wengine wanamwagwa tu."

Nilikwenda kwa Bwana, mume wa Kengele, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda, nikaomba barua ya siku mbili. Hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Barua ni ya kazi," akasema. "Mke si kazi."

Basi nikabaki nimesimama katikati ya maranda ya mbao kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikitoka bila barua, watanikamata kabla ya Njoro na kunitupa kambini, na mwanangu atapelekwa mahali nisipopajua. Nikikaa, ni vilevile.

Alasiri hiyohiyo kengele ikalia. Mama yule alikuwa nayo mezani, kitandani, bustanini. Nadhani hata bafuni.

"Naftaly! Kesho wewe napeleka kiti hii kwa Memsahib Pajeti. Yeye nangoja mtoto wiki hii. Hapana tia kwa lori. Hapana tia kwa treni, treni navunja mguu yake ile siku ingine. Wewe naweka kwa kichwa, pole pole, kama yai."

"Ndiyo, Memsahib."

Nilichaguliwa kwa sababu niliwahi kubeba kioo chake kutoka stesheni bila kukipasua. Kumbe ndivyo riziki ya mtu inavyokuja, kwa kutopasua.

Akaniandikia barua ya kuonyesha njiani. Kusoma kwangu ni kwa vipande, mwaka hapa kwa wamisheni, miezi minne pale, lakini Kiingereza cha barua nilikiweza. Niliisomea nyuma ya jiko. Mistari kumi na minne. Kumi na miwili ilikuwa ya kiti: mti wake, rangi yake, umri wake, kisinyeshewe, kisianikwe juani, kisitikiswe, kipishwe haraka. Mmoja ulikuwa salamu kwa Memsahib Pajeti. Wa mwisho ulisema mbebaji ni boi mmoja. Hakuandika hata jina langu. Mke wangu alinyimwa barua, na kile kifaa cha kupigia picha kikapewa karatasi nzima yenye sahihi.

Niliisoma tena. Halafu nikaona jambo ambalo mwenyewe hakuliona. Hakuandika Pajeti anakaa wapi. Kwa nini aandike? Wazungu wote wanajua Pajeti anakaa wapi, na asiyemjua Pajeti ni nani basi? Mimi nilipajua: maili tatu kutoka Njoro, kando ya barabara ileile inayopanda Mau Narok.

Nasimiyu alinitazama uso akajua. Alinifungia viazi vitamu viwili katika kitambaa, akasema tu, "Msalimie ng'ombe."

Alhamisi nilitoka na alfajiri, ngata kichwani, kiti juu ya ngata, miguu yake ikitazama mbele kama pembe. Njia nzima watu walinicheka. Mama mmoja akipalilia mahindi aliniuliza kama namtafuta mfalme wa kumkalisha. Nilimjibu kwamba mfalme amekwisha kukaa, mimi ni matako yake. Shingo iliniuma, na kila nilipojikwaa gurudumu moja lilizunguka lenyewe likilia kwii, kwii, kama panya.

Njoro palikuwa na kizuizi. Mti mmoja juu ya mapipa mawili, askari sita, na Wakikuyu kama thelathini wamekalishwa chini, mikono kichwani, barua zao zikisomwa moja baada ya nyingine. Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja mwenye jicho bovu. Alikuwa na barua ya kwenda hospitali, lakini barua ilikuwa ya jana. Akaambiwa jicho lake limechelewa.

"Na huyu mwenye jumba kichwani?" aliuliza askari mmoja mrefu. "Shusha. Nini hii?"

"Kiti cha kunyonyeshea, afande."

"Cha nini?"

"Mama wa Kizungu akinyonyesha, hukalia hiki."

Aliwaita wenzake. "Kujeni muone! Wazungu hawana maziwa bila kiti!" Walikuja, wakakizunguka kiti, wakasukuma magurudumu. Mmoja akataka kujua kama kina kipande cha kitambulisho. Nikasema kina zaidi, kina barua, nikaitoa. Hapo ndipo akaja mwenye kizuizi mwenyewe, kijana wa Kizungu aliyetoka kwao juzijuzi. Pua yake ilikuwa bado inabambuka kwa jua letu. Setla wa pale angejua Pajeti yuko wapi. Huyu angejua nini?

Kijana alisoma barua, akatazama kiti, na uso wake ukalegea kama siagi.

"Mimi najua kiti hii," akasema. "Mama ya mama yangu iko na kiti kama hii. Mimi toto dogo, mimi nakaa chini yake."

Na akakikalia. Wallahi nilimwona kwa macho yangu. Magoti yalimfika kidevuni, bunduki akaiweka mapajani pale mtoto anapolazwa, na macho yakalowa. Mzee wa jicho bovu alikuwa amekaa matopeni hatua nne kutoka pale, mikono ingali kichwani, na afisa wa serikali anamlilia bibi yake juu ya mahameli. Nilimtazama yule mzee. Alitema mate pembeni, kwa adabu.

"Memsahib Pajeti iko wapi?" kijana akauliza alipomaliza kukumbuka.

Hapo ulikuwa mlango wangu. "Mau Narok, bwana," nikasema.

"Mbali?"

"Mbali, bwana. Na yeye nangoja mtoto wiki hii."

Alitoa kalamu, akaandika pembeni mwa barua: Mau Narok, apishwe bila kucheleweshwa. Akatia sahihi. Nikajitwika kiti nikapita chini ya ule mti, mimi na magurudumu yangu, na watu thelathini wenye miguu yao wamebaki chini.

Maili tatu mbele nilifika kwa Pajeti. Pale mlangoni palikuwa na jukwaa la mbao la kuwekea mikebe ya maziwa, ikingoja gari la kiwanda cha siagi. Nilifunika kiti kwa gunia, nikapita ng'ambo ya barabara. Mbwa wake alibweka. Ndani, mbali, niliona mwanamke mwenye tumbo kubwa akikata maua. Hakugeuka. Toka hapo sikuwa boi wa kiti tena. Nilikuwa mwizi wa kiti, na Mkikuyu anayesema uongo. Kwa lile la kwanza ungechapwa. Kwa la pili, siku zile, hujui ungeishia wapi.

Nililala zizini kwa Kiptanui, mkamaji wa shamba moja la katikati ya njia, ambaye hakuniuliza maswali ila alisema nimekuwa punda wa ajabu, punda anayebebeshwa kiti badala ya mpanda punda. Asubuhi nikaendelea kupanda. Kizuizi cha pili waliona maandishi ya kijana wa pua, wakanipungia mkono nipite. Ijumaa saa sita nilikuwa kwa Bwana Kiraka, tuliyemwita hivyo kwa viraka vya ngozi viwikoni mwa koti lake.

Watu walikuwa wamefungiwa katika zizi la kondoo, familia nzimanzima, na vifurushi vyao. Na ngano ile yote pale nje, ekari kwa ekari, waliipanda wao. Nilimwona Wachuka amekaa juu ya kifurushi, mtoto mgongoni mwa mamake, namaanisha mama mkwe wangu, Wamaitha. Mama mkwe aliponiona alijifunika shuka usoni akanigeuzia mgongo, kama inavyotakiwa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo, hawagusani, hawakai pamoja.

Wachuka alinitazama, akatazama kiti.

"Umekuja," akasema kupitia waya.

"Nimekuja."

"Na kiti."

"Na kiti."

"Mwanamume mwingine angekuja na blanketi."

Kutoka chini ya shuka sauti ikasema, "Mwambie mume wako mtoto amechukua paji lake la uso. Mungu ni mwenye huruma, pua amechukua yetu."

Nikaenda kwa Bwana Kiraka. Alikuwa mezani, nje ya stoo, na orodha. Watu walikuwa wamepanga mstari wakimsihi wabaki, huyu miaka ishirini hapa, huyu alizaliwa hapa. Mimi nilipofika nikamsihi anifukuze.

"Nini?"

"Nataka kwenda na hao, bwana. Yule ni mke wangu."

Alipitisha kidole kwenye orodha. "Wewe hapana yangu. Wewe boi ya nani?"

"Wa kiwanda, Elburgon."

"Basi mimi siwezi fukuza boi ya mtu ingine," akasema, na aliudhika kwelikweli, kana kwamba nimemwambia aibe kijiko. "Hiyo si heshima."

Ndiyo hiyo. Kumtoa mwanamke wa siku tano za uzazi kumtupa kwenye lori, hiyo ilikuwa heshima.

Halafu akaona kiti. Alisimama, akakipindua juu chini, akasoma majina. Wa nne alikuwa mwanawe. "Hii kiti!" akasema. "Hii inakwenda kwa Pajeti! Pajeti iko Njoro! Wewe napita mlango yake, mjinga wewe!"

Nikampa barua. Ukitaka kumdanganya mtu anayekuona mjinga, kazi yako ni ndogo, wewe kaa tu. Alisoma yale maandishi ya pembeni, akatukana, lakini hakunitukana mimi.

"Hawa watoto kutoka Ulaya! Wanaletwa hapa kulinda sisi, hata nyumba zetu hawajui!" Akaniwekea kidole kifuani. "Sikia. Kesho lori ikipita kwa Pajeti, wewe nashuka na kiti pale. Wewe narudi Elburgon na hiyo barua. Umesikia? Kama kiti naumia, mimi nakutafuta."

Kwa hiyo nilipata lori, lakini lori la maili ishirini tu. Mlangoni kwa Pajeti ningeshuka, na wangeendelea. Jioni yote nililipindua jambo hilo kichwani, na sikupata upande wake wa kushikia.

Jumamosi mvua ilikuwa ya manyunyu, ile ya Mau inayopenya hata mfupa. Watu arobaini na mmoja walipakiwa kwenye lori la viazi, na sakafu ilikuwa matope na mavi ya kondoo. Kipketer alikuwa mlango wa nyuma. Askari wa kutusindikiza, Kipkemboi, alikaa pembeni na orodha ndani ya kofia isilowe. Kiti kilipakiwa mwisho kwa kuwa kitashuka kwanza, nami pamoja nacho, na watu wakasukumana mpaka nikajikuta mgongo wangu unakaribia goti la mama mkwe.

Lori zima liligeuza macho kwa aibu. Unaweza kufukuzwa, kunyeshewa na kupigwa kitako cha bunduki, lakini kugusana na mama mkwe, hilo lina mipaka.

"Mwambie mume wako," shuka likasema kwa ukali, "kama hana adabu, aweke hata hicho kigogo katikati."

Nikasukuma kiti katikati yetu. Mgongo wake mrefu ukamficha mama mkwe kabisa, kuanzia kichwa hadi kiunoni. Ilikuwa kazi ya kwanza ya maana niliyoona ule mgongo ukifanya.

Lori lilipoanza kuteremka, Wachuka alikuwa amesimama, ameshika ubao kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Mtoto akalia. Lori likaruka shimo, Wachuka akayumba, na watu wakapiga kelele.

"Kaa," nikamwambia.

"Kwenye hicho?"

"Kaa, mwanamke!"

"Wee!" Kipkemboi akanyanyuka. "Hicho ni cha Memsahib!"

Nikamfungulia barua. "Afande, soma mwenyewe. Hapa, mstari wa saba. Kisitikiswe. Kitu chepesi kwenye lori kitatulizwa na nini, kama si uzito?"

Kipkemboi alikodolea mstari wa saba. Kisha akatazama Wachuka, akatazama mtoto, ambaye sasa alikuwa anapiga mayowe kama king'ora cha kiwanda. "Kama barua inasema," akajibu, akakaa.

Basi Wachuka akakaa. Miguu ikapata sakafu, mapaja yakalala sawa, viwiko vikawa huru, na mtoto akanyamaza palepale. Yale magurudumu ya kijinga yalitaka kukimbia, nikalala matopeni nikayazuia kwa nyayo na mabega. Sijui kile kiti kilikuwa na miaka mingapi. Najua hapo kwenye mavi ya kondoo, kati ya Mau Narok na Njoro, ndipo kilipofanya kazi yake.

Nikiwa pale chini niliyaona majina juu yangu, yote tisa, kwa mwandiko mzuri wa kuzunguka. Kulikuwa na nafasi chini ya la tisa. Nikatafuta msumari mfukoni, nikaanza kukwangua.

"Unafanya nini huko chini?" Wachuka akauliza.

"Naandika jina la mtoto." Kwa desturi, binti wa kwanza hupewa jina la mama yangu, Wangui.

"Jina la mama yako," akasema polepole, "unaliweka chini ya matako ya Wazungu?"

Lori zima lilicheka. Nyuma ya mgongo wa kiti mama mkwe alicheka pia, mara ya kwanza kumsikia tangu nimuoe binti yake. Nikarudisha msumari mfukoni.

"Baba Wangui," Wachuka akaniita. Hakuwahi kuniita hivyo. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ukishushwa hapo chini, utajuaje tulipo?"

Nilikuwa nimebeba kiti siku mbili na nusu nimtazame mwanangu kwa saa mbili. Na barabara ile, tofauti na barabara zote nilizowahi kupenda, ilikuwa inakwisha haraka.

Lori lilipunguza mwendo. Niliona jukwaa la maziwa.

"Boi wa kiti, shuka!" Kipkemboi akasema. "Upesi. Wewe huko kwenye orodha."

Wachuka aliinuka. Alimpitisha mtoto bega la pili akatazama upande wa msitu. Kipketer akafungua ubao. Nikashuka, nikajitwika kiti, nikakipeleka hatua ishirini hadi kwenye jukwaa, nikakipandisha juu, katikati ya mikebe. Kilionekana kimefika nyumbani. Mama wa wale watoto wote tisa walikuwa pale, ndani ya mikebe, wamefungwa vifuniko.

Nikatoa barua mfukoni nikikusudia kuikunja vizuri ya kurudia Elburgon. Ndipo nikaitazama. Mistari kumi na miwili ya kiti, na mmoja wa boi. Ilikuwa barua ya nani? Kwa siku tatu ilikuwa imenifanya mtu ambaye hawezi kukamatwa. Na mtu ambaye hawezi kukamatwa hawezi kupanda lile lori.

Nikaichomeka chini ya mahameli, ikabaki ncha yake nje. Nikarudi barabarani, nikasimama mbele ya Kipkemboi mikono ikining'inia.

"Unataka nini tena? Nenda kwenu Elburgon."

"Nakwenda, afande."

"Barua iko wapi?"

"Iko kwenye kiti. Ilikuwa ya kiti."

Alikunja uso. Niliona anafika pole pole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. "Basi wewe huna barua."

"Sina, afande."

"Na wewe ni Mkikuyu."

"Tangu nizaliwe."

"Mkikuyu barabarani bila barua!" Alikuwa amekasirika sasa, kasirani ya mtu anayejua amri zake. Akatoa orodha kwenye kofia, na penseli. "Unajua naweza kukufanya nini? Panda lori! Panda sasa hivi! Utajieleza Nakuru na hao wenzako! Jina?"

"Naftaly. Niandike pale kwa Wachuka, afande. Mume."

Aliandika kwa nguvu mpaka penseli ikatoboa karatasi. Kipketer, ambaye muda wote huo alikuwa ameinua kiganja apige bodi dereva aondoke na hakuipiga, sasa akaipiga. Nilipanda. Watu walinisogezea nafasi ya unyayo mmoja, na Wachuka akanipa mtoto nimshike, bila kunitazama, kama anayekupa kifurushi ili afunge kitambaa. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Pua ilikuwa ya kwao kweli.

Lori likaondoka. Nyuma yetu kiti kilibaki juu ya jukwaa kwenye manyunyu, kisichotakiwa kunyeshewa, kinatazama barabara na mgongo wake wa askofu. Wachuka alisimama akiyumba, amejishika kiuno. Na sasa hapakuwa na kitu kati yangu na mama mkwe. Alivuta shuka mpaka machoni.

"Mwambie mume wako," akasema, "mtu mwenye akili angeacha barua, akachukua kiti."